Monita za sikioni au hedifoni jukwaani: zipi zitakufaa?

Katika bendi moja niliyopigia kinanda, mpiga dramu alikuwa haachani na hedifoni zake kubwa, na mwimbaji alikuwa na monita za sikioni, vidude viwili vidogo vilivyojificha masikioni na kumletea sauti ya bendi. Siku moja mazoezini wakaamua kila mmoja ajaribu vya mwenzake, ncha laini za monita zikabadilishwa kwanza kwa ajili ya usafi. Mwimbaji alizivua hedifoni kabla hatujafika kwenye kiitikio, maana zilikuwa zinamteleza kila anapoinua kichwa. Mpiga dramu alivumilia wimbo mzima, kisha akasema dramu yake ya mguu imekufa, anaiona inapigwa lakini haisikii kifuani.

Wote wawili walisema kweli. Watu wengi hununua kwa kumwangalia msanii wanayempenda, halafu wanagundua kwamba kazi yake jukwaani si kazi yao. Kwa hiyo nitaanza na vigezo, kisha tupitishe kila chaguo kwenye vigezo hivyo hivyo.

Tunalinganisha nini, na kwa vigezo gani

Machaguo yapo matatu. La kwanza ni monita za sikioni za kawaida, zile zenye ncha ya sponji au silikoni unayochagua mwenyewe kwa ukubwa wa tundu lako. La pili ni monita za kufinyangwa, ambazo mtaalamu wa masikio anachukua umbo la sikio lako kwa silikoni na kiwanda kinatengeneza ganda linaloingia kwako peke yako. La tatu ni hedifoni zilizofungwa mgongo, yaani vikombe vyake havina matundu upande wa nje, zinazofunika sikio lote.

Mawili nayatoa mapema. Hedifoni za mgongo wazi ni nzuri sana studio unapochanganya nyimbo, lakini jukwaani zinaingiza kelele yote na kumwaga sauti yako nje. Na chochote cha Bluetooth ya kawaida kiache nyumbani. Ucheleweshaji wake mara nyingi hufika milisekunde 100 hadi 200. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 100 ni sawa na kumfuata mpiga dramu aliyesimama mita 34 kutoka ulipo. Hakuna anayeweza kushika mdundo hivyo.

Vigezo vyangu ni vitano: kelele ya nje inazuiwa kiasi gani, unaisikiaje sauti yako mwenyewe na besi, kifaa kinakaaje mwili ukisogea, unawasiliana vipi na wenzako na watu waliokuja kukusikiliza, na matunzo pamoja na gharama. Cha kwanza nitakikalia zaidi kwa sababu ndicho kinachobeba afya ya masikio yako.

Kuzuia kelele ya nje

Anayetoka kwenye spika za sakafuni, zile zinazomwelekea msanii ili ajisikie, anajua vita vyake. Mpiga gitaa anaongeza kidogo, mpiga dramu anakaza mkono, mwimbaji anamwonyesha fundi mitambo kidole juu, anaongezewa, na mwisho maiki inaanza kupiga mluzi. Kuziba masikio na kuleta sauti ndani kunamaliza vita hivyo kwa sababu huhitaji tena kushindana na jukwaa. Lakini lazima kweli yazibwe.

Monita za kawaida zenye sponji iliyokaa sawasawa zinaweza kukata desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 25 mpaka zaidi ya 30. Kwa baadhi ya modeli mtengenezaji hutaja mpaka 37. Za silikoni kwa kawaida hukata pungufu ya hapo. Za kufinyangwa kwa ganda gumu hucheza kwenye desibeli 26 hivi. Watu hushangaa kusikia kwamba sponji ya bei nafuu inaweza kuzipita. Tofauti ni kwamba za kufinyangwa zinakupa kiwango kile kile kila siku, na sponji inategemea umeivaaje leo.

Hedifoni zinatofautiana mno. Za studio za kawaida, hata zikiwa zimefungwa mgongo, hazikutengenezwa kupambana na dramu iliyo nusu mita kutoka usoni. Zitakata kiasi, nawe utajikuta unaongeza sauti. Zipo za wapiga dramu hasa, zenye vikombe vizito na mbano mkali kama vile vikinga masikio vya wafanyakazi wa viwandani. Beyerdynamic DT 770 M, kwa mfano, imetajwa na watengenezaji kukata desibeli 35. Kwenye kigezo hiki hizo zinasimama bega kwa bega na monita yoyote.

Kwa nini nahesabu desibeli? Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Ukifika 94 una saa moja. Ukifika 100 una dakika 15. Dramu inayopigwa kwa nguvu inapita 100 bila shida kwenye sikio la anayeipiga, na onyesho huchukua saa mbili. Ukikata desibeli 25 unabaki na nafasi ya kusikia kila kitu kwa sauti ya kistaarabu. Ila nafasi hiyo ni yako kuitumia au kuipoteza: ukiziba kelele halafu ukapandisha kitufe cha sauti cha kipokezi kiunoni mpaka pale pale ulipokuwa, umebadilisha mlango tu, madhara yameingia yale yale.

Namna ya kuvaa inaamua nusu ya matokeo, kwa hiyo nieleze. Chukua ncha ya sponji, ivingirishe kati ya vidole mpaka iwe nyembamba. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza, kisha shikilia kwa sekunde 20 au 30 sponji ivimbe. Sasa cheza wimbo wenye besi nzito na uibonyeze kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka unapobonyeza, ncha haijaziba. Jaribu ukubwa mwingine, na sikio la kulia linaweza kutaka ukubwa tofauti na la kushoto. Malizia kwa kufungua mdomo wazi na kuimba noti yako ya juu huku ukigeuza shingo. Sauti ikikonda hapo, jukwaani itakonda vilevile.

Kwa hedifoni adui ni miwani na nywele. Mkono wa miwani unainua mto wa hedifoni milimita chache, na mwanya huo unatosha kuingiza kelele na kutoa besi.

Sauti yako mwenyewe, na besi

Ziba masikio yote kwa vidole kisha sema "iii", halafu "aaa". Ile "iii" inavuma ndani ya kichwa kama mtu anaongea kwenye pipa. Mtetemo wa fuvu unaingia kwenye tundu la sikio na hauna pa kutokea. Waimbaji wengi wanaozikataa monita wiki ya kwanza wanaikataa hali hii, ingawa wao husema tu "sijisikii vizuri".

Monita za kawaida zenye ncha fupi ndizo zinazovuma zaidi. Sponji ikiingia ndani zaidi, mvumo hupungua. Za kufinyangwa zinaweza kuagizwa na shina refu linalopita kona ya pili ya tundu la sikio, na kwa mwimbaji hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa, si baada. Hedifoni zina nafuu hapa kwa sababu kikombe kina hewa nyingi kuzunguka sikio, na mvumo unapungua kadiri nafasi hiyo inavyokuwa kubwa. Mwimbaji anayekaa nyuma ya kinanda anaweza kugundua kwamba hedifoni zinamrudishia sauti yake ya kawaida haraka zaidi.

Kwa besi, monita iliyoziba vizuri inatoa besi ya kutosha sikioni. Kinachokosekana ni ile ya mwilini, hasa kama spika za sakafuni zimeondolewa jukwaani. Hedifoni zina spika pana, milimita 40 au zaidi, na wapiga dramu na wapiga besi wengi huona zinawapa uzito wanaoutaka, japo nazo hazifikishi kitu kifuani. Dawa inayofanya kazi kwa chaguo lolote ni kitetemeshi kinachofungwa chini ya kiti cha mpiga dramu au kwenye kibao cha kusimamia mpiga besi. Yule mpiga dramu wetu alipofungiwa kimoja, malalamiko yake yaliisha, ila hedifoni hakuziacha.

Usinunue kwa kuhesabu spika ndogo ndani ya ganda. Monita yenye spika moja iliyotengenezwa vizuri inaweza kumfaa mwimbaji kuliko yenye sita.

Na jambo linaloniuma: kuvaa sikio moja na kuacha jingine wazi. Nimelifanya kwa muda mrefu mno, nikidhani napata faida ya pande zote mbili. Ubongo hujumlisha sauti ya masikio mawili. Ukitoa moja, lililobaki linaonekana kimya, nawe unalipandishia. Wakati huo lililo wazi linapigwa na jukwaa zima bila kinga. Masikio yote mawili yanaumia. Kama unavua moja kwa sababu umechoka kuhisi umefungiwa chumbani, tatizo lako lina dawa, na iko mbele kidogo.

Mwili ukisogea

Hapa hedifoni zinapoteza waziwazi kwa yeyote anayetembea, anayecheza au anayetikisa kichwa. Zina uzito wa gramu 250 mpaka 300, jasho linalainisha mito, na baada ya saa moja mbano unahisiwa juu ya taya. Kwa aliyekaa, mambo ni tofauti kabisa: hazina cha kuchomoka tunduni, na mkono mmoja unazirekebisha katikati ya wimbo.

Monita za kawaida hukaa vizuri kama waya unapita juu ya sikio, unashuka mgongoni ndani ya shati na kubanwa kwenye kola. Waya ukishuka mbele, utauvuta kwa mkanda wa gitaa kabla wimbo wa tatu haujaisha. Taya linapofunguka kwa kuimba, ncha ndogo zinaweza kusogea taratibu. Za kufinyangwa zinaingia kwa kuzungushwa kidogo, na zikishafunga zinatulia hata ukiruka. Bila shaka hapo ndipo pesa zake zinapoonekana.

Mwonekano nao una uzito wake. Kwenye video, hedifoni zinafunika uso kiasi, ila kwa mpiga dramu au mtu wa vinanda watazamaji wamezizoea. Kwa mwimbaji aliye mbele, zinaweka ukuta kati yake na watu.

Kuongea na wenzako, na kuwasikia watu

Hedifoni unazisukuma nyuma ya sikio kwa kidole kimoja na unamsikia kiongozi wa bendi. Ndiyo maana ma-DJ hawaziachi: sikio moja kwenye wimbo unaokuja, jingine ukumbini. Monita ukizichomoa katikati ya wimbo, kuzirudisha kwa kuziba sawasawa ni kazi ya mikono miwili.

Lakini hedifoni zinavuja zikivuliwa. Katika onyesho moja nilizishusha shingoni ili nisikilize ukumbi wakati wa utangulizi wa wimbo wa polepole, na kliki, ule mlio wa kuhesabu mdundo, ikaendelea kulia. Maiki yangu ya kuitikia ilikuwa karibu na kidevu. Ukumbi mzima ukasikia tik, tik, tik juu ya sauti ya mwimbaji, na rekodi ya usiku ule ilibaki hivyo. Tangu hapo naizima kliki kwanza, ndipo nishushe.

Ile dawa ya kufungiwa chumbani ni hii: fundi aweke maiki mbili pembeni mwa jukwaa zikitazama watu, aziingize kwenye monita zenu tu, kidogo. Makofi, kuitikia, pumzi ya ukumbi vinarudi. Ongeza maiki moja ya kuongelea ambayo haiendi kwenye spika kubwa, na hapo bendi inaweza kusemezana bila mtu kuvua chochote. Ukiweza kupata stereo badala ya mono, chukua. Gitaa likikaa kushoto na kinanda kulia, unasikia kila kimoja bila kupandisha.

Waya, betri na nguvu ya mashine

Hapa machaguo matatu yanakaribiana, kwa hiyo nitapita haraka. Aliyekaa hahitaji mfumo usio na waya. Kiampulifaya kidogo cha kubana kiunoni au kwenye stendi, chenye waya kutoka kwenye miksa, kinamtosha na hakiingiliwi na mawimbi ya wengine. Anayetembea anahitaji kirushio na kipokezi, na akumbuke kwamba masafa yanayoruhusiwa hutofautiana nchi kwa nchi. Weka betri mpya kabla ya kila onyesho, usiahirishe mpaka onyesho linalofuata.

Angalia ohmu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Monita nyingi zina kati ya 10 na 40, na zinaitikia kwa urahisi, wakati mwingine mpaka unasikia mvumo mwembamba wa mashine pale muziki unaponyamaza. Hedifoni za ohmu 250 kwenye kipokezi cha kiunoni zitakuwa kimya na dhaifu. Tafuta za 32 au 80. Na kwa kifaa chochote, hakikisha kidhibiti kilele, kinachozuia sauti isiruke ghafla kupita kiasi, kimewashwa. Maiki ikianguka au waya ukichomolewa ghafla, mlipuko unafika moja kwa moja kwenye ngoma ya sikio, na kidhibiti hicho ndicho kinachosimama katikati.

Matunzo na gharama

Monita zinaziba kwa nta. Nyingi ya zile zinazosemekana "upande mmoja umekufa" zina tundu lililojaa nta tu. Kibrashi kikavu baada ya kila onyesho na kichujio kipya mara kwa mara vinatatua. Waya ndio hukatika kwanza, kwa hiyo nunua zenye waya unaochomoka. Sponji huzeeka upesi na zinabadilishwa kama nyuzi za gitaa.

Za kufinyangwa ndizo za gharama kubwa zaidi kati ya hizi tatu, na gharama ina mikia: malipo ya kuchukuliwa umbo, muda wa kusubiri, na huwezi kumwazima wala kumuuzia mtu bila ganda kutengenezwa upya. Sikio pia hubadilika kwa miaka, hasa uzito wa mwili ukipanda au kushuka sana. Mwimbaji achukuliwe umbo mdomo ukiwa wazi, na kibao kidogo kati ya meno, la sivyo ganda litafunga ukiwa umenyamaza na kufunguka ukiimba.

Hedifoni ni rahisi kutunza kuliko zote. Mito inabadilishwa, zinaazimana, zinafaa mazoezini, jukwaani na kwenye kurekodi. Kwa kundi lenye vifaa vya pamoja hilo lina maana kubwa.

Kwa hali yako

Kama unaimba mbele na kutembea, anza na monita za kawaida za sponji na uzitumie miezi kadhaa kabla ya kufikiria za kufinyangwa. Utakuwa umejua kama kinachokusumbua ni kuchomoka, mvumo au mchanganyo mbaya, na mchanganyo mbaya hautibiwi na ganda jipya.

Kama unapiga dramu na hutoki kitini, hedifoni za kukata kelele hasa ni chaguo la heshima kabisa. Ukiona joto na mbano vinakushinda, fahamu kwamba Jerry Harvey, fundi wa monita wa bendi ya Van Halen, alitengeneza monita za kufinyangwa mwaka 1995 kwa ajili ya Alex Van Halen, ambaye alikuwa mpiga dramu. Kazi yako haikuzuii kwenda upande huo, mradi upate kitetemeshi chini ya kiti.

Kama uko kwenye kinanda na pia unaongoza wenzako, pima ni mara ngapi kwa usiku unahitaji kusemeshwa. Ikiwa ni mara nyingi, chukua hedifoni. Kama mmeshaweka maiki ya kuongelea, monita zitakupumzisha kichwa.

Kama ni kwaya au kikundi ambacho wapigaji hubadilishana kila juma, nunueni hedifoni mbili tatu nzuri kwa waliokaa, na kila mwimbaji awe na ncha zake mwenyewe.

Kama unapiga usiku wanne au watano kwa wiki na umeshazoea monita za kawaida, za kufinyangwa zitakulipa kwa kukaa sawa kila usiku. Ziweke za zamani kwenye mkoba. Siku ya waya kukatika haitangazwi.

Na kama baada ya maonyesho masikio yanalia mpaka asubuhi, pitia kwanza kwa mtaalamu wa masikio, upimwe usikivu wako, ndipo urudi kwenye ulinganisho huu ukiwa na namba zako mkononi.